Mkono wa Kukunja

Asubuhi ile nilifagia uwanja mara mbili. Wanafunzi wa chuo kikuu walikuwa wanakuja mtaani kwetu Makadara kufundishwa na mimi, mtu niliyeachia shule darasa la sita. Mwalimu wao alikuwa amemnunulia mtoto wake sweta ya shule kwangu, akaipenda. Akaniambia kazi za serikali zinapungua, kwa hivyo wanafunzi wa kila somo, wa historia, wa hesabu, hata wa mimea, sasa wanafundishwa kuanzisha biashara zao.

"Waeleze tu ulivyoanza, mama. Usiogope."

Niliogopa, na si kwa sababu ya Kizungu. Biashara ile sikuianza peke yangu. Tulikuwa wawili, mimi na jirani yangu wa mlango wa pili, mama wa kutoka magharibi. Kiwanda alikofanya kazi mume wake kilipompunguza, wakarudi kwao, na mashine yetu ya kufuma ikabaki kwangu. Tulikubaliana vizuri. Sitaki kuandika kana kwamba nilimnyang'anya, wala kana kwamba alinitupa. Lakini tangu aondoke, kufuma kulikuwa kazi tu.

Sweta zetu zilipendwa kwa ajili ya mkono. Tuliufuma mrefu, tukaukunja kwa ndani na kuushikiza kwa mishono michache. Mtoto akirefuka, mama yake anaukunjua. Kusema haki, jirani yangu alikuwa na tabia ya kuruka vitanzi vya uzi, na mimi ndiye niliyekuwa nikirekebisha. Lakini wazo la mkono lilikuwa lake.

Wakaja kumi na mmoja, wakakaa kwenye mabenchi niliyoazima kanisani. Mama mmoja aliyekuwa akianika nguo akanipigia kelele.

"Ati leo umekuwa profesa! Kesho tukuamkie kwa Kizungu?"

"Anika nguo zako, nina darasa!"

Wakacheka, nami nikapata nguvu. Nikawaeleza tulivyonunua uzi, tulivyosimama kwenye malango ya shule siku za kufungua. Kijana wa hesabu akauliza, "Na huo mkono, mama, ulitoka wapi?"

"Nilifikiria tu," nikasema.

Lilinitoka hivyo, upesi. Labda ni kwa vile walikuwa wakiandika kila neno langu. Sikuwa nimewahi kuandikwa.

Msichana aliyesomea lugha akainua kalamu. "Samahani, mama. Tangu tuketi umesema tulinunua, tulifuma, tuliuza. Hapa tu ndipo umesema nilifikiria. Yule mwingine alienda wapi?"

"Wewe nawe!" kijana wa hesabu akamwambia. "Umekuja kusahihisha insha?"

Wenzake wakacheka. Mimi nilihisi uso ukiwaka. Nikasema, "Futeni hapo. Wazo halikuwa langu." Nikawaeleza habari za jirani yangu, pamoja na vile vitanzi alivyoruka. Hakuna aliyenicheka. Mwalimu akauliza kwa upole, "Angekuwa hapa leo, angewaambia nini hawa?"

Nikasema sijui. Miaka yote ile goti kwa goti, na sikujua angesema nini. Najua tu wangecheka kuliko walivyocheka kwangu.

Walishukuru sana, wakaenda. Mpaka leo najiuliza kama ningesema kweli bila yule msichana. Nadhani hapana. Aliyesema kweli ni yeye aliyeuliza. Mimi nilijibu tu.

Kabla jua halijatua nilimwandikia jirani yangu barua. Nilikuwa sijamwandikia tangu aondoke, kwa sababu ningeanzaje, na mkono wake nilikuwa nikiuuza kama wangu? Nilimtajia wote waliokuja na masomo yao. Nikaandika, "Leo tumefundisha chuo kikuu," kisha nikamwomba aniambie alichotaka wajue, nao wakija tena nitakisema kwa jina lake.

Nikaituma kwa sanduku la posta la shule ya kijijini kwao, ndiyo anwani aliyoniachia. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo. Sijui barua ilikaa huko muda gani, wala kama kuna mtu aliyempelekea.