Chenga za Televisheni ya Baba

Kaka yangu mkubwa anaendesha bodaboda mtaani Manyatta, na Jumapili baada ya kanisa huja kwangu Kaloleni kula samaki wangu na kunichokoza. Jumapili moja nikaamua kumnyamazisha. Nilikuwa nimepata programu ya laptopu inayocheza gemu zetu za utotoni, zile tulizocheza kwenye televisheni ya baba, ambayo aeriali yake ilikuwa mfuniko wa sufuria. Kaka ndiye aliyekuwa akipanda juu ya mabati kuuzungusha, sisi tukipiga kelele ndani: hapo hapo, rudisha kidogo!

Programu hiyo ina kichujio cha kuharibu picha makusudi. Ukikiwasha, rangi nyekundu inachuruzika nje ya shati la mchezaji, kila kitu kinaota kivuli, na chenga zinajaa skrini. Siku ya kwanza nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nilitaka naye acheke.

"Tazama sasa," nikamwambia, nikawasha.

Akaendelea kucheza. "Nitazame nini?"

Nikazima. Picha ikawa safi, matofali ya ukutani unayaona moja moja. Nikawasha tena. Nikazima.

"Omera, ndugu yangu, mbona unabonyezabonyeza tu? Picha si ni ile ile?"

Nilidhani ananitania, maana mtu huyu mzaha ndio chakula chake. Nikamwuliza kama kweli haoni chenga. Akasogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa kioo, kisha akasema kwa upole nisiouzoea, "Kwani siku hizi kuna kitu hakiko hivyo? Hata wewe uko na kivuli."

Nikamwuliza, tangu lini? Tangu mvua za mwaka jana, akasema. Alifikiri ni vumbi la barabara. Alimficha hata mkewe. Nilishikwa na hasira na woga kwa pamoja. Kila siku anapita barabara ya Kondele katikati ya malori, na watu mgongoni!

Simu yake ikalia. Huwa anaiweka kwenye spika.

"Baba, kuja utuchukue," alisema mama mmoja, kastoma wake. "Tumetoka church. Niko na watoto wawili."

"Nakuja, Mama. Sasa hivi."

Akasimama, akaanza kupapasa meza akitafuta ufunguo wa pikipiki. Ulikuwa kando ya sahani, mbele ya macho yake. Niliuchukua nikaufumbata, naye akaendelea kupapasa.