Nimeombwa Niombe Mvua

Hili sijamwambia rafiki yeyote: mimi siamini kama Mungu yupo.

Sasa leo, kabla ya kupalilia shamba la ujamaa, balozi wetu wa nyumba kumi akaninyooshea kidole.

"Wewe msomi mpole, tuombee mvua!"

Bibi yangu akatabasamu kwa fahari. Jamani, nyie mngefanyaje?

Nikainamisha kichwa, nikanyamaza. Nikanyamaza mno.

"Amina!" wakaitikia wote. Balozi akafuta machozi!

Tulipokuwa tunarudi nikamwambia Bibi ukweli. Akacheka.

"Nilijua, mume wangu. Midomo haikutikisika."

"Sasa wewe unaamini kwa nini, na mvua hainyeshi?"

"Tangu babu yako afariki, jioni nizungumze na nani?"

Nikapokea jembe lake, nikaanza kumsimulia kitabu ninachosoma.