Maji Yaliyokaa Ndani ya Fuwele

Siku moja ya ukungu kule Mogogosiek haijawahi kunitoka akilini, mwanangu. Nilikuwa nimeacha kazi ya kukausha majani kwenye kiwanda cha chai, nikaajiriwa kutunza maabara ya shule ya upili. Kiwandani nilifunzwa jambo moja: unyevu ni adui.

Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu watahiniwa wangefanya mtihani wa kemia wa vitendo. Asidi yao, oksaliki, ilikuwa fuwele angavu kama kioo. Nikahofia zimeingiwa na ukungu, nikaziweka zote kwenye sufuria yenye kifuniko, juu ya moto mdogo. Zikaanza kupasuka kwa milio midogo, kama mtu anayevunja vidole chumba cha pili. Ung'avu ukazitoka, zikawa unga mweupe kama macho ya kipofu. Chini ya kifuniko matone ya maji yakatiririka. Yalitoka wapi? Nilikuwa nimezishika, zilikuwa kavu!

Nikauweka ule unga kwenye mizani. Sahani ikasimama sawa. Kisha, mikono yangu ikiwa mifukoni, sahani ikaanza kushuka yenyewe, polepole. Nikarudi nyuma hadi mlangoni.

"Umeona shetani?" akacheka Mwalimu Chebet, mama mzee aliyefundisha kemia. Alipoona mizani, kicheko kikakatika.

"Kijana, umekausha asidi kama majani chai! Sasa inavuta maji kutoka kwa ukungu. Maji uliyoyatoa hayakuwa unyevu, yalikuwa sehemu ya fuwele. Kila chembe ya maji ilishikwa na asidi moja, yenyewe ikashika zingine mbili, kwa vifungo vya haidrojeni. Umebomoa nyumba. Watoto wakitumia hii, vipimo vyote vitakuwa na makosa, maana uzito wake si ule tena. Wataanguka."

"Nilidhani nasaidia, Mwalimu."

"Uliuliza nani?"

Tukauyeyusha unga kwa maji moto, tukauacha upoe. Jumapili baada ya kanisa nilifungua maabara, nikakuta fuwele zimejijenga upya, bila mkono wa mtu, angavu, kana kwamba zilikuwa zikiningoja. Zilitosha watahiniwa, lakini kwa shida.

Mwanangu, usione vyaelea, vimeundwa. Ukiingia penye ndoa, kazi au boma la watu, ukaona kitu unachodhani hakina maana, usikiondoe kabla hujauliza kinashikilia nini. Kuuliza si ujinga. Si kila nyumba iliyobomoka hukubali kujengwa tena.

Mungu akupe ulimi wa kuuliza, na usikose wa kukushika.