Uzi wa Kijani wa Fundi Pindo

Zamani mtu alijenga nyumba akabakiza nyuma yake kipande cha majani, siku hizi hata pale pa kuanika nguo panamwagiwa zege.

Shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu, alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Fundi Pindo, maana hakuna suruali iliyotoka mikononi mwake kabla hajalifumua pindo na kulishona upya, hata kama mwenyewe amesimama mlangoni anatazama saa. Mafundi wa namna hiyo wamekwisha. Leo unapokea nguo, kesho kutwa pindo linaning'inia, na ukilalamika unaonekana mzee msumbufu.

Macho yalipokataa kutunga sindano bila miwani miwili, alihamia nyuma ya nyumba, kwenye banda lake la ndege. Lilikuwa la mbao na wavu wa waya, refu kama chumba cha kulala, na nusu yake imeezekwa bati. Upande mmoja walikaa chiriku wa kigeni, wenye midomo myekundu kama pilipili. Upande wa pili, nyuma ya wavu mwingine kwa sababu ya ugomvi wao, walikaa kwera wawili, dume na jike. Kila asubuhi aliosha ulezi, akauanika, akaupepeta, akasaga maganda ya mayai, akabadilisha maji. Alifanya hivyo miaka kumi na moja.

Chiriku hawakumpa taabu. Ukiwawekea kisanduku cha mbao, wanataga. Kwera ndio waliomnyima raha. Dume la kwera husuka kiota kwa majani mabichi, marefu, membamba. Jike huja kukikagua, akaingia, akavutavuta kwa mdomo. Asipokitaka mpaka majani yakakauka, dume hukifumua chote na kuanza upya.

"Huyu fundi mwenzangu," shemeji aliniambia. "Haoni aibu kufumua."

Mwaka wa pili ulikuwa unapita bila kinda hata mmoja wa kwera. Wakati huo binti yake alikuwa amerudi nyumbani na watoto watatu, nao walilala sebuleni juu ya makochi. Si mwanamke mbaya, mpwa wangu yule. Alitaka vyumba viwili, na mahali palikuwa pale pale penye banda.

"Baba, fundi mwashi anakuja mwisho wa mwezi ujao. Banda liondoke."

"Na kwera wangu wakiangua?"

"Hao wanaangua tangu mwaka juzi."

"Nimekuuliza, wakiangua?"

Akanigeukia mimi. "Mjomba, unamsikia shemeji yako?"

"Namsikia. Mjibu."

"Haya. Nikimwona kinda kwa macho yangu, nitajenga chumba kimoja na banda libaki. Lakini nisiletewe yai. Kinda!"

Basi kazi ya majani ikaniangukia mimi, maana shemeji alikuwa hafiki hata dukani. Kila asubuhi nilishika mundu nikaenda mpaka mtaro ulio nyuma ya maghala, karibu saa nzima kwa miguu, na goti langu la kulia linalia njia nzima. Enzi zetu majani hayo ungeyavuta ukiwa umesimama langoni kwako. Dume alisuka, jike akakataa. Akafumua, akasuka tena, akakataliwa tena. Mara tatu. Wiki ya nne nilifika mtaroni nikakuta wameusakafia kwa saruji, mweupe, safi, hauna jani.

Nilirudi mikono mitupu, nikaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Shemeji," nikasema, "mle ndani una boksi zima la uzi wa kijani."

"Uzi si jani."

"Yeye atajuaje? Mrefu, wa kijani, na haukauki. Jike atakikuta kiota kibichi siku zote."

"Sema umechoka kutembea."

"Nimechoka kutembea."

Akacheka. "Afadhali. Nilidhani utanitajia goti."

Alikata nyuzi za urefu wa shubiri moja, akazitundika kwenye waya. Dume hakuuliza. Siku nne tu, kiota kikawa kinaning'inia kama kifuko, kijani kibichi, kimekazwa vizuri kuliko vyote. Jike akaingia, akavuta. Hakikulegea. Akabaki. Wiki haijaisha palikuwa na mayai mawili, na shemeji akaanza kupiga mistari ya chaki ya kushonea ubaoni, mstari mmoja kila siku.

Mstari wa kumi na moja ulipopigwa, nilimkuta amesimama ndani ya banda, mkasi mkononi. Jike alikuwa ananing'inia chini ya kiota, kichwa chini, uzi umemzunguka mguu mara tatu na kuingia nyamani. Alikuwa amekufa. Mayai yalikuwa ya baridi.

Uzi wa zamani, ule wa pamba, ungekatika. Huu wa nailoni hushonewa mahema. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini wazo la uzi lilikuwa langu, basi nikasema, "Shemeji, mimi ndiye..."

"Wewe si fundi," akanikata. "Nilijua huu haukatiki. Ndiyo maana niliununua."

Binti yake alitoka jikoni. Alimtazama jike, akayatazama mayai.

"Baba, hayo mayai tuwape chiriku waatamie?"

"Yamepoa, mama."

"Nimwambie fundi asubiri kidogo?"

"Asubiri nini? Wajukuu wangu wanaamka na alama za kochi mashavuni. Tulikubaliana kinda."

Wakapatana na mfugaji mmoja wa upande wa pili wa mji awachukue chiriku wote, na dume pia. Alikuja na masanduku yake asubuhi moja, na wiki mbili baadaye shemeji alianguka bafuni, hakuamka. Kwa hiyo mara ya mwisho niliyowaona pamoja, yeye na kwera wake, ilikuwa alasiri ya siku moja kabla ya masanduku. Siku hiyo nilikuwa nimetembea mpaka nyuma ya reli, nikarudi na majani ya kujaza mkono mmoja. Hakuna aliyekuwa ameniagiza.

Nilimkuta ameketi bandani juu ya kigoda, miwani miwili usoni, kiota mapajani, anakifumua kwa sindano, uzi mmoja mmoja.

"Si umwachie dume mwenyewe afumue?" nikamwuliza.

"Amejaribu tangu juzi. Kwa uzi huu hawezi."

Dume alikuwa begani kwake. Kila uzi uliotoka, aliudaka kutoka mapajani, akaruka nao hadi kwenye waya na kuufunga upya. Nikatundika majani yangu kando. Dume hakuyatazama. Alirudi begani, akangojea uzi mwingine.