Mdogo Wangu Kajifelisha Mtihani kwa Kuniangalia Mimi

Admin, naomba unifichie jina, huku kwetu tunajuana wote. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, nina mke na mtoto mmoja, nalima kijijini wilaya ya Nachingwea. Nilimaliza fomu foo nikapata ziro. Sitafuti huruma, tulikuwa wengi. Mwalimu wetu wa Kiingereza alihama tukiwa fomu tuu, na hakuletwa mwingine mpaka tunamaliza.

Nina mdogo wangu wa kike, nimwite Somoe ingawa si jina lake. Ana kichwa huyo mtoto! Mwaka huu alikuwa darasa la saba, na walimu walishajua sekondari anakwenda. Baba hakutaka. Siku moja tukiwa shambani tunapulizia mikorosho, akamwambia mbele yangu, "Mtihani ukija, jaza ovyo ovyo. Sitaki mwingine wa kwenda kukaa kule miaka minne."

Nikamkatalia. "Baba, mwache mtoto asome. Shule ni haki yake."

Baba hakufoka. Aliokota chupa ya dawa mpya, maelezo yake yote kwa Kiingereza, akanipa. "Haya, nisomee. Nachanganya na maji kiasi gani?"

Nikasoma. Niliyatamka maneno yote bila kukwama. Akauliza, "Sasa yanasemaje?"

Nikaigeuza chupa upande wa pili. Sikuelewa hata mstari mmoja.

Baba akasema taratibu, "Mimi sikusoma, mwanangu. Nilikupeleka kule nipate mtu mmoja tu humu ndani wa kunisomea karatasi. Sikutaka uwe mkubwa wa wilaya." Jamani, bora angenipiga. Somoe alikuwa amesimama palepale na ndoo ya maji, anatutazama.

Matokeo yalipotoka, Somoe kafeli. Mwalimu mkuu alishika kichwa. Nikamvaa baba kwa maneno makali ambayo mtoto hapaswi kumwambia mzazi wake. Wiki ile ile baba akampeleka Somoe Ruangwa kwa shangazi, akaoshe vyombo kwenye mgahawa wake wa sokoni.

Nikamfuata. Nilimkuta amekaa nyuma ya jiko, sufuria zimemzunguka. Nikamuuliza, "Baba alikutisha?"

"Hapana, kaka. Kabla ya mtihani baba alikuja kuniambia nifanye ninavyoona mwenyewe. Majibu nilikuwa nayajua." Akainamia sufuria. "Lakini nilikuona siku ile shambani. Na wewe shule ya msingi ulikuwa unaongoza darasa, mama huwa anasimulia. Sasa mimi nikafuate nini kule?"

Nilimsihi. Nikamwambia nitatafuta njia asome hata kwa kujitegemea. Akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Kunywa chai, kaka, inapoa." Akarudi kwenye vyombo vyake. Nilipanda gari kurudi nyumbani nikilia kama mtoto, watu wananitazama.

Mwalimu mkuu anasema darasa la saba halirudiwi. Baba siku hizi hazungumzi na mtu, akitoka shambani anakwenda kulala. Na Januari binti yangu anaanza darasa la kwanza, shule ileile tuliyosoma mimi na Somoe. Mama yake ameshamshonea sare. Kila akiijaribu ananiuliza, "Baba, nikisoma nitakuwa nani?" Mimi natoka nje.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, nisaidieni mawazo, nimeishiwa. Somoe nimwambie nini anisikie? Na huyu binti yangu nimjibu nini ambacho si uongo?