Kituo cha Nne

Vonda Peavy ameendesha basi la shule huko Harlow Creek, Georgia, kwa miaka kumi na tisa, na kila Agosti yeye ndiye anayependekeza vituo. Ofisini hawabishani naye. Wale barabara ya vumbi wataijulia wapi? Mwaka huu karatasi ya vituo ilikaa mezani kwake wiki nzima, na kila akiipita alijifanya haioni.

Kituo cha nne kilikuwa mbele ya nyumba ya mama yake, Eula, ambaye kila asubuhi husimama barazani kuwapungia watoto mkono. Sheria ilimkataza kaka yake Vonda, Dwight, kuishi chini ya futi elfu moja kutoka mahali watoto wanapongojea basi. Dwight alikuwa anatoka gerezani Ijumaa, na Eula alitaka aje kukaa kwake. Alichomfanyia mtoto wa rafiki yake, Vonda hajawahi kukitamka.

"Kisogeze tu, mwanangu," Eula alimwambia huku akikoroga uji wa mahindi. "Pale konani. Nani atajali?"

"Pale malori ya magogo yanapita mbio, Mama."

"Watoto si wana macho? Mimi nina miaka themanini na mmoja. Unataka nife sijamwona mezani pangu?"

Vonda alichukua funguo, akaendesha hadi konani, akashuka na kusimama pembeni, pale pale watoto wangesimama. Lori la kwanza hakuliona mpaka lilipompita na kuipeperusha kofia yake. La pili vivyo hivyo. Alirudi na hasira, wala hakujua amkasirikie nani: Dwight, waliotunga sheria, au huyu mama aliyemlea vizuri.

"Kituo kinabaki," alisema. "Dwight nitamtafutia chumba mbali na hapa, na Jumapili nitakupeleka umwone."

"Yaani mwanangu alale kwa watu."

"Ndiyo, Mama."

"Basi usiniite mama leo."

Siku ya kufungua shule, Vonda alisimamisha basi kwenye kituo cha nne. Watoto watano wakapanda. Eula alikuwa barazani. Aliwatazama, akageuka, akaingia ndani na kufunga mlango.

Josie, wa darasa la kwanza, alibaki ameinua mkono dirishani.

"Bibi Eula ametukasirikia?"

"Si nyinyi," Vonda alisema, akitia gia. "Ni mimi."