Ngoma Niliyoifunga Kiunoni

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukaza mshipi. Nilijifundisha ngoma mwenyewe, na siku zote nilidhani waumini wanahesabu makosa yangu. Jumapili msafara wa kanisa letu unapotoka mtaa wa Shauri Moyo kwa kanzu nyeupe, tukiimba Kiluhya hadi mtaa wa Kaloleni, ngoma hubebwa tumboni kwa mshipi wa ngozi. Niliufunga juu ya mfupa wa nyonga, ukabana mpaka ukaacha alama. Sikutaka ngoma itikisike hata kidogo.

Baadaye upande wa nje wa nyonga ya kulia ukaanza kuwaka, moto ukishuka pajani. Hata suruali ikigusa, ilikuwa kama nimemwagiwa chai. Sikumwambia mtu, niliogopa kupokonywa ngoma. Nilitafuta mazoezi kwenye simu, nikajinyoosha asubuhi na jioni bila kukosa, nikazidi kuumia.

Mama aliniona nikivaa kanzu huku nimeuma midomo. Akanipeleka kwa daktari wa viungo, dada mmoja mcheshi. Alibonyeza karibu na kinena, nikaruka.

"Hapa huwa unafunga nini?"

"Ngoma ya kanisa. Kila Jumapili."

"Basi nyonga yako ni nzima, kaka. Kuna neva inapita hapa kwenda kwenye ngozi ya paja. Wewe unainyonga, halafu unamwomba Mungu akuponye."

Mama alicheka kuliko ilivyohitajika.

Nikaambiwa nisivae mshipi, nivae suruali pana, nifanye mazoezi mepesi aliyonionyesha yeye, na nimeze dawa ya neva. Isiposaidia, nichomwe sindano. Na ngoma niiache kwanza.

Jumapili iliyofuata nilikaa mlangoni kwetu, msafara ukapita. Rafiki yangu wa mstari wa mbele akaniita, "Niaje, mzee! Umestaafu bila kuaga?" Nikacheka. Ngoma ilikuwa kwa dada mmoja wa kwaya, imelegea, ikiyumba, na watu waliimba vizuri tu. Hilo liliniuma kuliko paja. Nilipiga mdundo gotini mpaka sauti zao zikamezwa na magari ya Jogoo Road.

Sindano haikuhitajika. Moto umeisha, ingawa kuna sehemu ya ngozi ambayo bado ina ganzi. Sasa natembea na msafara nikipiga makofi. Ngoma anaibeba yule dada wa kwaya. Kila Jumapili natamani kumwomba anirudishie, na bado sijamwomba.